Siku Hizi Hakuna Ndege

Mashabiki wa muziki wa Goa trance ni wachache, lakini ugomvi wao ungetosha mji mzima. Muziki wenyewe ni wa mashine tupu: ngoma moja inayodunda bila kupumzika, na juu yake melodi nyembamba, tatu nne kwa pamoja, zinazokimbizana na kusokotana hadi msikilizaji asahau aliingilia wapi. Asiyeupenda atakwambia ni wimbo mmoja uliorefushwa. Anayeupenda yuko tayari kuvunja urafiki wa miaka kwa sababu ya toleo lipi la albamu ipi lilisikika vizuri zaidi, na ukimwambia hayo ni mambo madogo, hakusalimii tena.

Katika jukwaa lao la mtandaoni aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mtu mzima mmoja waliyemwita Popo. Jina alilipata kwa sababu ya masikio yake, maana popo husikia yasiyosikiwa na wengine. Kazi yake ilikuwa kufanya masta, yaani kuushika wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka, kupunguza hapa na kuongeza pale, mpaka usikike sawa kwenye spika za ukumbini na kwenye redio ya jikoni. Na alikuwa hodari kwelikweli, tusimnyime haki yake.

Mdomo nao haukuwa nyuma. Kuhusu wanamuziki alikuwa na maoni mafupi: wapo wanaopika na wapo wanaochemsha maji. Kuhusu mafundi wenzake hakuwa na huruma hata chembe. “Hii siyo masta,” aliandika siku moja juu ya albamu iliyotolewa upya, “hii ni pasi ya mkaa juu ya hariri.” Tusi lake kubwa lilikuwa moja tu, na alilitumia kwa raha: fundi kiziwi. Kuna fundi mwenzake, mtu mpole, aliyeitwa hivyo mbele ya jukwaa zima akaifunga studio na kwenda kuuza matairi. Popo alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. Akasema anayaonea huruma matairi.

Alikuwa na mwiko mmoja kazini. Kompyuta za siku hizi humchorea fundi sauti kwenye skrini, milima na mabonde, nzito upande wa kushoto na nyembamba upande wa kulia, ili aone palipozidi na palipopungua. Popo hakutaka kuona. Kabla ya kuanza alichukua taulo la kijani akalitundika juu ya skrini, kisha akafumba macho na kuzungusha vitufe vyake kwa vidole. Sikio ndilo hakimu, alisema, macho ni shahidi wa uongo. Mwiko huo waliuwekeana wakiwa vijana, yeye na rafiki yake Kinanda, na hakuna aliyewahi kuuvunja.

Kinanda aliitwa hivyo kwa sababu chumba chake kilijaa vinanda vya umeme vya zamani, vingine vimeng'oka vitufe, vingine haviwaki mpaka vipigwe kofi. Ujanani alitoa albamu moja tu. Kampuni iliyoitoa ilitaka ipige kelele kuliko za wenzake dukani, ikaikandamiza sauti mpaka ngoma na melodi zikawa kimo kimoja. Jukwaani walikuwa na usemi juu ya albamu hiyo: melodi za dhahabu, sauti ya bati. Kinanda aliusoma usemi huo mwaka nenda mwaka rudi, na kila mara ulimuuma upya.

Sasa alikuwa na saratani, na haikuwa ya kupona. Alimwita Popo asubuhi moja, wakakaa barazani, mgonjwa amefungwa blanketi mpaka kidevuni. Miguuni pake palikuwa na kopo la biskuti lenye kutu ubavuni. Ndani yake mlikuwa na kanda za mwanzo, zile alizorekodi mwenyewe kabla kampuni haijazigusa.

“Nataka niisikie kama nilivyoitunga,” alisema. “Mara moja tu. Mengine watajua madaktari.”

“Utaisikia, ndugu yangu. Nitaisafisha mpaka ujione kijana.”

“Usinirudishe huko, bwana. Nikiwa kijana nilikuwa mjinga.”

Wakacheka. Kinanda alipocheka ilibidi ashike mbavu, na Popo akaangalia pembeni asimwone. Alimpenda mtu yule kuliko ndugu zake wa tumbo moja, ila hakuwahi kumwambia, na sasa alihisi amechelewa.

“Unajua ninachokikosa hapa barazani?” Kinanda aliuliza. “Ndege. Zamani asubuhi kama hii hata kuzungumza tulikuwa hatuwezi.”

“Hata kwangu wameondoka. Ni hizi dawa wanazopulizia mashambani. Wadudu wamekufa, ndege wakahama.”

“Siku hizi hakuna ndege.”

“Hakuna kabisa,” Popo alisema, akatikisa kichwa kulaani wakulima.

Mke wa Kinanda alikuwa ameleta chai. Alitazama juu kwenye mfereji wa paa, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kuanza kumimina. Popo alipoaga, mama huyo akamsindikiza hadi getini.

“Shemeji,” alisema kwa sauti ya chini, “daktari aliniita pembeni. Ile dripu wanayomtundikia inakula masikio. Sauti nzito anasikia, lakini nyembamba zimekwenda. Yeye hajui, anadhani dunia ndiyo imenyamaza. Sasa huo muziki wake, ulivyo wa milio kama ya vinubi na filimbi, atasikia nini?”

“Niachie mimi, shemeji,” Popo alisema. “Nakuahidi ataisikia.”

Akaenda zake na kopo kwapani, moyo umejaa huruma kwa rafiki asiyesikia ndege. Njia nzima alitembea na huruma hiyo. Kuna kitu kilimgusa bega kama mtu anayetaka kumwambia jambo, kwamba hata yeye alikuwa amekaa barazani pale na hakusikia ndege yeyote. Akakipangusa. Dawa za mashambani, akajiambia, na akaongeza mwendo.

Nyani haoni kundule. Kwa muda mrefu birika la jikoni kwake lilikuwa likipiga mluzi mpaka maji yakauke, na yeye akilaumu birika. Friji ilipolia kwa kuachwa wazi, binti yake ndiye aliyekuja kuifunga kutoka chumba cha tatu. Popo alikuwa na maelezo ya kila kitu. Vyombo vya siku hizi vimetengenezwa hovyo, watu wanaongea huku wamefunga mdomo, chenene waliokuwa wakilia usiku wameisha. Mtu aliyeishi kwa masikio yake hawezi kuyashuku, kama vile hakuna anayelala huku akishuku kitanda chake.

Alizifungua kanda zile kwa adabu kubwa, akaziingiza kwenye kompyuta, akatundika taulo, akafumba macho. Ngoma ikaja, nzito na safi. Melodi zikaja nyuma yake, lakini kwa mbali, zimefunikwa blanketi. Popo alisikitika. Kutu imezila kanda, alisema moyoni, miaka imekula sauti za juu zikabaki za chini. Basi akaanza kurudisha kilicholiwa. Aliongeza sauti nyembamba kidogo, kisha kidogo tena. Kila alipolala na kuamka aliona bado hazitoshi. Akazisukuma mpaka zikagonga dari, yaani kikomo cha sauti ambacho mashine inaweza kubeba, na zilipogonga dari akaikaza mashine iliyozizuia ili zisukumike zaidi. Hatimaye siku moja mchana melodi zile zikatoka chini ya blanketi, zikasimama mbele yake, zikasokotana kama alivyozikumbuka. Popo akalia kwa furaha. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kumfanyia mtu.

Mlango ukafunguliwa. Binti yake, mwanamke mwenye watoto wake, alikuja na sahani ya chakula. Aliiweka chini haraka ikamwagika, akaziba masikio kwa viganja.

“Baba! Zima hiyo kitu!”

“Kitu gani?”

“Hiyo! Inachoma! Inaingia mpaka kwenye jino!”

Popo akapunguza sauti, akamtazama kama mgeni. “Mmezoea kusikilizia simu nyinyi. Muziki halisi mkiusikia mnadhani ni moto.”

“Baba, hebu tuangalie tu kwenye skrini.” Akanyoosha mkono kwenye taulo.

Popo alimpiga kofi mkononi. Halikuwa kofi kubwa, lakini hakuwahi kumpiga tangu akiwa mdogo, na wote wawili walishtuka. Binti akarudi nyuma hatua moja.

“Haya,” akasema. “Sikio la kufa halisikii dawa. Mimi nimesema.”

Akaokota wali sakafuni kwa mikono, akaondoka. Popo alijisikia vibaya, tena vibaya sana, lakini hasira ilimsaidia kutokuwaza. Jioni ile ile aliibeba albamu pamoja na kompyuta yake mpaka kwa Kinanda.

Alimkuta amelazwa chumbani, amekwisha. Macho tu ndiyo yaliyobaki na ukubwa wake. Mkewe alikuwa pembeni ya kitanda akikunja shuka. Popo akapanga spika mbili juu ya kabati, akabonyeza, akakaa sakafuni kama walivyokuwa wakikaa ujanani.

Ngoma ikaanza. Melodi ya kwanza ilipoingia, Kinanda aligeuza kichwa polepole kuelekea kwenye spika. Ilipoingia ya pili vidole vyake vikaanza kutembea juu ya blanketi, vikizitafuta noti. Ya tatu ilipojisokota juu ya zile mbili, mgonjwa yule aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi ile ya barazani alicheka kwa sauti, machozi yakimchuruzika mpaka masikioni.

“Ndiyo yenyewe,” alisema. “Hiyo ndiyo yenyewe, Popo! Umeitoa wapi?”

Mkewe alikuwa amesimama wima na shuka kifuani, taya zimekaza, macho ameyafumba. Popo akamwona, akadhani ni uchungu wa mke anayemwona mumewe akifurahi mara ya mwisho. Na yeye mwenyewe kifua kilimjaa majivuno. Masikio yaliyoliwa na dripu yamesikia! Kama kazi yake imepenya hata masikio mabovu, basi hakuna fundi aliyebaki duniani wa kushindana naye.

Albamu ilipokwisha, Kinanda alimshika mkono.

“Sikiliza. Itoe hiyohiyo, usiguse tena hata kitufe kimoja. Nakala ulizonazo kwenye kompyuta zifute zote, ibaki hiyo tu. Na lile kopo nizikeni nalo.”

“Ndugu yangu, kanda ni kanda, huwezi kujua...”

“Najua. Nikifa watakuja wajanja na mashine zao, waikandamize tena kama wale wa kwanza. Sitaki. Waliniua mara moja, wasiniue mara ya pili. Wewe umemaliza. Kazi imekwisha.”

Ni nani angekataa maneno yale? Popo hakukataa. Ukweli ni kwamba yalimlevya. Alifungua kompyuta palepale kitandani, akafuta nakala moja baada ya nyingine Kinanda akitazama, na alipomaliza akamgeuzia aone kuwa pametakata. Mke aliwatazama tu. Alikuwa bado ameikumbatia shuka yake.

Kinanda alifariki kabla juma halijaisha. Popo mwenyewe ndiye aliyeliweka lile kopo ndani ya jeneza, karibu na kichwa cha rafiki yake, na akakisawazisha kitambaa juu yake lisionekane. Baada ya mazishi akaiweka albamu mtandaoni. Chini yake aliandika kwamba bati limekwisha, sasa ni dhahabu tupu.

Jukwaa lililipuka. Watu waliokuwa hawakubaliani hata juu ya hali ya hewa wakakubaliana kwa mara ya kwanza. Mmoja aliandika kwamba mbwa wake alikimbilia chini ya gari. Mwingine alisema amejaribu spika zake zote, na zote zinachoma kama sindano. Mwingine, ambaye Popo aliwahi kumtukana, aliandika kwa upole kuliko wote: “Melodi ni zilezile za dhahabu, ninazisikia kwa mbali nyuma ya mlio wa msumeno. Ni nani aliyefanya masta hii? Ni fundi kiziwi?”

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Popo alijibu kwa matusi, akafuta, akajibu upya. Wivu, alisema. Njama. Wanamchukia hata marehemu. Binti yake alimkuta ameinama juu ya simu, akamhurumia na hasira yake yote ikaisha. Hakuomba ruhusa. Aliwasha albamu kwa sauti ya chini sana, akaenda kwenye skrini, akaondoa taulo.

Popo alitazama. Hakuwa mjinga, picha zile alizijua kusoma tangu zamani, kabla ya mwiko. Kushoto palikuwa na vilima vya kawaida. Kulia, pale pa sauti nyembamba, palisimama ukuta mmoja mweupe uliopanda mpaka juu ya skrini na kukatwa kichwa na dari.

“Mashine imeharibika,” alisema.

“Sawa, baba. Basi tuiache mashine.” Binti akatoa simu yake. “Hapa kuna mlio unaopanda, unaanza mzito unakwenda mwembamba. Ukiacha kuusikia, inua mkono.”

Mlio ukaanza, mnene, ukapanda taratibu. Popo aliusikiliza kwa makini kama mwanafunzi kwenye mtihani. Ukapanda, ukapanda, kisha ukakatika. Akainua mkono.

“Umeuzima mapema,” alisema.

Binti akamtazama. Alikuwa ameishika simu mkono mmoja, na kidole cha mkono mwingine amekichomeka sikioni, uso umekunjika kwa maumivu.

Hapo Popo akaelewa, na akaelewa yote kwa wakati mmoja: birika, friji, chenene, baraza, kopo. Walijaribu kuiokoa albamu. Kwa siku kadhaa binti aliketi mbele ya ile skrini iliyo wazi na kupunguza makali upande wa kulia, lakini kila walipoyapunguza, melodi zilipungua nayo, na zilizobaki zilikuwa zimechanika, kwa maana sauti ikishasagwa kwenye dari hairudi ilivyokuwa. Kilichohitajika ni kanda, na kanda zilikuwa ardhini. Au nakala, na nakala alizifuta kwa mkono wake. Popo hakula vizuri siku zile. Alimfikiria yule muuza matairi. Hatimaye akavaa, akaenda kwa mjane kumwomba radhi, na njiani akawaza neno ambalo aliogopa hata kuliwaza: pengine angeruhusu kaburi lifunguliwe.

Alimkuta barazani anafua.

“Shemeji, nimekuja kukuomba radhi.”

“Radhi ya nini tena? Wewe ni wa kushukuriwa.” Akafuta povu mikononi, akamvutia kiti. “Siku ile ulipouwasha ule muziki nilitaka kukimbia. Ulinichoma mpaka kwenye meno. Nikamtazama yeye, analia, anacheka, vidole vinacheza. Nikakumbuka ulichoniahidi pale getini, nikaelewa. Nikasema moyoni, tazama huyu mtu, amemtengenezea rafiki yake muziki wa masikio yake mabovu, ili afe ameusikia. Mimi ni mkewe, na nisingelifikiria jambo hilo.”

Popo alitazama beseni.

“Ndiyo maana hata ulipoanza kufuta nilinyamaza,” mjane aliendelea. “Nilijua unamridhisha tu mgonjwa. Sasa nasikia watu wanalalamika huko mtandaoni. Nikasema bila shaka shemeji amechanganya, ametoa ile ya mgonjwa. Itoe basi ile nyingine, waache kelele.”

“Ipi nyingine?”

“Ile ya watu. Ile nzuri.”

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, mtamu, na mjane ameshaufungulia mlango. Angesema ataitoa ile nyingine kesho, akaondoka na shukrani zake, akabaki kuwa rafiki wa ajabu mpaka mwisho wa maisha. Popo alikaa nao muda mrefu ule uongo. Kisha akautema.

“Hakuna nyingine, shemeji. Sikumfanyia yeye. Nilifanya kwa masikio yangu, na mimi niliisikia vizuri. Mpaka leo nikiiwasha naisikia vizuri.”

Mjane alimtazama bila kuelewa, halafu akaelewa, na mikono yake ikarudi yenyewe ndani ya maji na kubaki humo bila kufua.

“Na kopo?” aliuliza.

“Nililiweka mwenyewe. Hapa, kichwani kwake.”

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alisema tu, “Basi wamemuua mara ya pili,” na Popo akajua kwamba lile neno alilokuja nalo juu ya kaburi hatalisema, leo wala siku nyingine, na kwamba kwenye baraza hili hana tena la kuomba. Akainuka. Alipofika kwenye ngazi akasimama.

“Shemeji, niambie kweli. Ndege wapo hapa?”

“Wapo,” alisema bila kugeuka. “Tangu ulipofika hawajanyamaza.”

Popo aliinua uso. Juu ya mfereji wa paa walijipanga ndege wadogo, wengi, vifua vimewatuna, na midomo yao yote ilikuwa ikifunguka na kufungika.